Namba 9 na Mpira wa Vipande Vinane

Kocha wetu alikuwa na mwaka mmoja tu kichwani: 1964. Ukimwuliza kwa nini tunagaragara sakafuni mpaka nyonga zinavimba, atakurudisha Tokyo, ambako voliboli iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza na kuwa mchezo wa kwanza wa timu kwa wanawake katika michezo hiyo. Wajapani waliwachapa Wasovieti 3-0 kwenye mechi iliyoamua dhahabu. Kocha wao, Hirobumi Daimatsu, alikuwa amewafundisha kujirusha, kuuokoa mpira, kubingirika na kuwa wima tena kabla mpinzani hajaanza kushangilia, na karibu wote walitoka timu moja ya kiwanda cha nguo.

"Walikuwa wafupi," Kocha alikuwa akimalizia, "na nyinyi ni wafupi." Hapo hoja imefungwa. Ukileta ubishi anakuongezea Wakorea Kusini, walioshinda ubingwa wa kwanza wa dunia wa vijana wanawake nchini Brazili mwaka 1977, kisha wakaushinda tena Meksiko mwaka 1981.

Mimi nilikuwa libero, kwa hiyo mahubiri hayo yalinihusu kuliko wote. Libero huvaa jezi ya rangi yake peke yake, huingia na kutoka bila kuhesabiwa miongoni mwa zile nafasi sita za kubadilisha wachezaji katika seti, hapigi bloku, yaani haruki wavuni kuzuia smashi, na mpira ukiwa juu ya ukingo wa wavu haruhusiwi kushambulia. Kazi yake ni nyuma: kupokea sevisi na kuokoa. Nilipenda kazi hiyo, nasema kweli. Nilikuwa nimebingirika hata nikaweza kufika kwenye kona ya uwanja kwa tumbo.

Basi tukasafiri kwenda kwenye mashindano ya kimataifa ya vijana, wasichana walio chini ya miaka 20. Ilikuwa mwaka 2008. Habari za safari na ukaguzi wa pasipoti naziruka, maana hazina jipya. Kilichotushtua kilitoka kwenye mfuko wa mipira jioni ya kuzoea ukumbi. FIVB, shirikisho la voliboli la dunia, ilikuwa imeleta mpira mpya mwaka huohuo, Mikasa MVA200, wa njano na buluu, wenye vipande vinane vilivyojipinda na vishimo vidogo vidogo mwili mzima. Sisi tulikuwa tumejifua miezi yote kwa mipira ya zamani ya vipande 18, tena iliyochakaa. Ukisoma kanuni huoni tofauti: uzito ni uleule, gramu 260 mpaka 280, na mzingo uleule, sentimita 65 mpaka 67. Ukiugusa ndipo unajua. Mikononi mwangu ulinata kidogo halafu ukaondoka upande ambao sikuutaka.

"Mpira ni mpira," Kocha alisema. Tukabingirika saa nzima.

Mechi ya kwanza tulipangiwa timu ya Ulaya ambayo wachezaji wake wa kati walionekana kuzaliwa juu ya wavu. Wavu wa wanawake una mita 2.24, na wa vijana ni huohuo, hakuna punguzo la umri. Tuliwatazama wakipasha misuli tukanyamaza. Lakini smashi zao, kwa mshangao wetu, hatukuziogopa sana, ndizo tulizoziandalia. Walipiga, tukajirusha, mpira ukapanda, mashabiki wakapiga makofi. Mpaka alipofika mstari wa nyuma msichana wao namba 9.

Hakuwa mrefu. Alirusha mpira chini chini, akaruka kidogo, akaugusa kwa kiganja kigumu katikati na kuurudisha mkono papo hapo. Hiyo ndiyo sevisi ya kuelea. Mpira unaozunguka una njia yake, unaweza kuisoma tangu unapoondoka mkononi. Usiozunguka hauna njia. Hewa inauachia upande mmoja mapema kuliko mwingine kulingana na mishono ilivyokaa, nao unayumba au unazama ukiwa umeshakufikia. Sevisi za kuelea tulizijua, kila timu inazo. Ila hii, kwa mpira huu, ilinijia kifuani ikaishia begani.

Akapiga ya pili, ikamlenga mwenzangu wa pembeni. Ya tatu ikanirudia mimi. Katika mfumo wetu tulipokea watu watatu, mimi na washambuliaji wawili wa pembeni, na tulikuwa na desturi ya kuita "Yangu!" mapema. Kwa namba 9 hakuna aliyejua ni ya nani mpaka imefika. Tulienda kwenye mapumziko ya kiufundi, yale yaliyokuja yenyewe timu inayoongoza ilipofika pointi ya 8, sisi tukiwa na pointi mbili, na kubingirika kwetu kote hakukuwa na mahali pa kutumika. Jambo hilo lilinichoma. Unafundishwa miaka kuanguka vizuri, halafu anakuja mtu anayekutaka usimame vizuri: miguu imetulia, goti limekunjwa, mikono isiwahi kukunjwa pamoja kabla hujajua mpira unazama au unapita.

Seti ya kwanza ilikwisha 25-13. Kocha alisema mambo ya moyo na taifa. Nahodha, aliyekuwa seta wetu, yaani mpandishaji wa mipira kwa washambuliaji, alingoja amalize, akanivuta kando.

"Mdogo wangu, mbona unausubiri? Sogea mbele uudake na vidole."

"Kocha hataki vidole kwenye sevisi."

"Kocha hayumo uwanjani."

Alikuwa na sababu. Ukiupokea kwa vidole juu ya paji la uso unauchukua mapema, kabla haujapata nafasi ya kufanya ujanja wake wa mwisho. Kanuni pia inakulinda: katika mguso wa kwanza wa timu, mpira ukigonga mkono mmoja kisha wa pili ndani ya tendo moja si kosa. Kinachokatazwa ni kuushika. Makocha wengi wa siku zile waliona vidole kwenye sevisi kama uzembe, na wetu alikuwa mkuu wao. Nikamwangalia pale kwenye benchi. Nikasogea hatua mbili mbele.

Sevisi ya kwanza ya namba 9 niliyoichukua hivyo ilimfikia nahodha mkononi, hata hakuhitaji kuhama. Alimpandishia mchezaji wa kati mpira mfupi wa haraka, na bloku yao ikaruka mpira ukiwa umeshatua. Ya pili mwamuzi alinipulizia kwamba nimeshika, na labda alikuwa sahihi. Ya tatu ilikwenda vizuri tena. Namba 9 akaniona, akaanza kupiga ndefu, kuelekea mstari wa nyuma, ili nikiwa mbele inipite. Nikarudi nusu hatua. Akafupisha. Tukaendelea hivyo seti nzima, yeye na mimi, kama watu wanaopatana bei, na nadhani hakuna aliyekuwa akitufuatilia isipokuwa nahodha. Watazamaji huangalia mpira unapopigwa chini kwa nguvu. Hawana lawama, ndipo pointi inapoandikwa.

Seti ya pili tulipoteza 25-21, ya tatu tukaichukua 25-23, ya nne ikatushinda. Tulifungwa 3-1. Kocha hakuniambia neno juu ya vidole, wala la kukataza wala la kusifu.

Baada ya kupeana mikono chini ya wavu nilimfuata namba 9 kwenye kona ya kujinyoosha. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Nilimwonyesha mpira, nikautikisa hewani kuiga unavyoyumba, kisha nikafungua viganja kuuliza: nyinyi mnafanyaje kuzoea? Akacheka, akamwita libero wao. Yule dada akapanda juu ya benchi, akajifanya anapiga sevisi kutoka pale juu, karibu kabisa, kisha akashuka, akasimama mbele ya benchi na kujifanya anapokea. Akarudia mara kadhaa kwa bidii hata daktari wao wa timu akaja kuuliza kuna nini.

Nilimweleza nahodha, nahodha akamweleza Kocha kwa maneno yake mwenyewe, bila kunitaja wala kuwataja Wazungu. Nadhani alisema ni mbinu ya Wajapani. Asubuhi iliyofuata Kocha alipanda juu ya meza ya mwandishi wa alama, mita sita hivi kutoka tuliposimama, akawa anatupigia mipira ya kuelea mmoja baada ya mwingine, huku akifoka, "Miguu! Miguu!" Alikuwa na mkono mzuri, hatukuwahi kujua. Wahudumu wa ukumbi walikuja kumwomba ashuke. Alishuka, wakaondoka, akapanda tena.

Mechi yetu ya mwisho, ya kugombea nafasi ya saba, tulishinda 3-0. Gazeti moja lilitupa mistari michache, yote juu ya mshambuliaji wetu wa kushoto, na picha yake wakaikosea jina.