Nilivyohariri video za 4K bila kununua kadi ya michoro

Video za harusi nilizopiga kwa simu, 4K (picha kali sana) za H.265, mfumo wa kubana video ambao ni mzito kufungua, zilikuwa zikikwama kila nikizikata kwenye Kdenlive, programu ya bure ya kuhariri video. Fundi mmoja Kariakoo akasisitiza kadi ya michoro, kifaa cha kuisaidia kompyuta kushughulikia picha na video, ambacho bei yake ilizidi ya kompyuta yenyewe, desktopu ya mtumba yenye prosesa ya Core i5-8500. Nikaifungua: RAM (kumbukumbu ya kazi) kijiti kimoja cha GB 8, na diski ya kuzunguka, ambayo ni ya polepole. Kumbe! Nikaongeza kijiti cha pili kama hicho, nikafunga SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 500 kwa ajili ya Windows na kazi zinazoendelea. Diski ya zamani ikawa ghala. 4K bado ilisitasita. Dawa ya mwisho ilikuwa bure: kuwasha proksi ndani ya Kdenlive, yaani nakala nyepesi za kuhariria, huku faili halisi zikitumika wakati wa kutoa video. Kadi sijanunua mpaka leo.