Usiku wa Helsinki nliouona mara mbili

DVD ya Nightwish, ile bendi ya metali ya Finland, inaitwa End of an Era, ilitoka 2006 na bro ndo aliileta, kaingia chumbani usiku watu washalala, akaniambia we leo hulali. Laptopu yake ilikua inachemka hadi inabidi uweke mto mapajani, na eafoni ilikua pea moja tu, yeye sikio la kulia mi la kushoto, ivo shoo nzima nliisikia upande mmoja.

Daah, ila hata huo upande mmoja! Hartwall Areena, Helsinki, tarehe 21 Oktoba 2005, shoo ya kufunga ziara ya albamu yao ya Once. Tarja Turunen anaimba kama yuko opera, nyuma magitaa yananguruma, afu anapanda John Two-Hawks na filimbi yake ya Kilakota, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, ukumbi uliokua unapiga kelele muda wote unatulia. Mi nywele zilisimama, nikamshika bro mkono bila kujua.

Wimbo wa mwisho ulipoisha nikamwambia hawa watu wanapendana sana aisee. Bro akakaa kimya kidogo, akasema, mdogo wangu, baada ya shoo hii hii walimpa Tarja barua, hayuko nao tena.

Nlikataa kabisa, nikasema unanidanganya. Akanieleza taratibu, barua wamesaini wenzake wa bendi wote wanne, Tuomas Holopainen, Emppu, Jukka na Marco, afu wakaiweka wazi mashabiki wote wasome. Na Tuomas, Emppu na Tarja ndo walianzisha bendi kule Kitee, Finland, 1996, miaka tisa hiyo! Iliniuma kama mtu wa nyumbani kafukuzwa.

Basi akaweka ile dokumentari iliyomo humo humo kwenye DVD, inawafuata siku za kuelekea shoo, mazoezi, maandalizi, mahojiano, na mi sikua nasikiliza wanachosema tena, nlikua namtazama Tuomas machoni tu, kila akinyamaza najiuliza barua ishaandikwa au bado. Mpaka leo naona dokumentari ile ndo roho ya kazi nzima, watu wengi wanairuka wanakimbilia nyimbo, wanakosea sana.

Tukarudia shoo. Picha zile zile, ila sa hivi Tarja akicheka na watu mi koo linakaba, yani anawashukuru mashabiki na hajui kinachomsubiri nyuma ya jukwaa.

Bro akasinzia kabla haijafika nusu. Nikamtoa eafoni sikioni polepole asiamke, nikavaa zote mbili, nikatafuta ule wimbo wa Kifini, Kuolema tekee taiteilijan, maana yake kifo humfanya mtu kuwa msanii. Tarja akaanza kuimba kwa lugha ya kwao, na ndo mara ya kwanza usiku ule namsikia pande zote mbili.