Praktiko za Jumamosi: sabuni ya mche na maji ya kisima

Haya, tulipofikia. Kwa wageni, sisi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) tunaojitolea kufundisha sayansi kwa vitendo shule za kata huku Chamwino, na msimamo wetu ni uleule, kila tunachotumia kiwe kinapatikana kijijini ili tukiondoka mwalimu wa kemia aendelee mwenyewe.

Asidi na besi zimeshakaa sawa. Tunaloweka choya kwenye maji ya moto, hiyo ndo indiketa, yaani kitu kinachobadilika rangi kikikutana na asidi au besi, ukitia ndimu au maji ya ubuyu inazidi kuwa nyekundu, ukitia magadi inageuka kijani palepale. Watoto walishakariri habari za litmasi, ile karatasi ya kupimia asidi na besi, ila kuiona hawajawahi, kwa hiyo ile kijani ilipigiwa makofi.

Ila kilichonifurahisha zaidi ni maji magumu. Dodoma visima vingi vina chumvichumvi, kila mtoto anajua sabuni ya mche inavyokataa povu nyumbani kwao, lakini hakuna aliyewahi kuihusisha na ile topiki iliyoko kwenye daftari lake. Tukachukua chupa mbili za maji zenye vifuniko, moja maji ya kisima nyingine maji ya mvua waliyokinga, kipimo kilekile, halafu wanadondoshea maji ya sabuni tone moja moja kwa bomba la sindano la mililita 5, wanatikisa, wanahesabu. Kwenye mvua povu likapanda mapema tu, kwenye kisima bomba zima linaisha na juu unaona vitu vyeupe vinaelea kama maziwa yaliyokatika. Hapo ndo nikaeleza kwamba kalsiamu na magnesiamu zinaidaka sabuni kwanza, mpaka ziishe ndo povu lije, na darasa zima likawa linaitikia maana wameshaona.

Binti mmoja wa form three akauliza, "Madam, ule ukoko mweupe kwenye sufuria ya chai ndo kalsiamu hiyohiyo?" Ndo yenyewe! Nimemwambia aukwangue alete, tuumwagie siki tuone ukitoa mapovu.

Hiyo ni Jumamosi ijayo, pamoja na kuchemsha maji ya kisima na kurudia kuhesabu matone, maana ugumu mwingine unaondoka kwa moto na mwingine hauondoki mpaka utie magadi. Mabomba ya sindano yaliyopo hayatoshi, wanagombania, mwenye mapya yasiyo na sindano tuonane chuo kabla ya Ijumaa.