Joto la bati Dodoma: kumpa fundi kazi ya foili

Dari ya jipsamu peke yake haiwezi joto la Oktoba. Kilicholitatua ni foili (karatasi ya alumini inayorudisha joto) iliyogongwa upande wa chini wa mbao za mteremko za kenchi, uso unaong'aa ukitazama dari. Uso huo ukitazama juu, vumbi la Dodoma huutanda na mng'ao ukaisha. Isiguse bati kamwe: iachiwe nafasi ya hewa ya sentimita 2.5 au zaidi, la sivyo joto hupita moja kwa moja.

Fundi akipima sakafu, mkatalie. Nyumba ya mita 10 kwa 8 yenye paa la nyuzi 25 ina mita za mraba 88 za mteremko. Ukiongeza mapishano ya sentimita 15 kwenye rola la upana wa mita 1.2, nunua mita za mraba 100 hivi. Viungo vifungwe kwa tepu ya alumini (ya karatasi hubanduka).

Meinswichi izimwe kwanza, kwani foili hupitisha umeme na pini ya stepla hutoboa waya. Matundu ya hewa ya paa yasizibwe. Yawekewe wavu wa kuzuia popo.

Malipo yawe kwa mita iliyowekwa. Salio lisubiri hadi wewe upande darini na tochi kukagua, kabla jipsamu ya mwisho haijafungwa.