Nilivyohama Kutoka Kabureta Hadi Kompyuta za Magari

Nilianza ufundi wa magari Dar es Salaam wakati ambapo fundi hodari alikuwa yule anayeweza kuseti kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, kwa kusikiliza mlio wa injini, na kwa miaka mingi ujuzi huo ulitosha kuilea familia yangu. Kisha magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia yakiwa na nozeli badala ya kabureta, koili juu ya kila plagi badala ya distributa, na baadaye kompyuta kadhaa zinazopeana taarifa zenyewe kwa zenyewe. Wateja wangu wa zamani wakawa wananipitia, wananiamkia kwa heshima zote, kisha wanapeleka magari yao kwa vijana.

Ushauri niliopewa wakati huo unaniudhi hadi leo. Wapo walioniambia kwamba umri wa kusoma umenipita, hivyo nibaki na breki na shokapu. Wengine, ambao naona ndio wapotoshaji zaidi, walisema ninunue tu mashine ya kupimia, kwa kuwa mashine ndiyo inayotaja kilichoharibika. Si kweli. Mashine ikionyesha namba ya hitilafu P0171, maana yake ni kwamba kompyuta imeona hewa nyingi kuliko petroli inavyostahili. Haikusema kwamba sensa ya oksijeni imekufa. Huenda mpira wa hewa umepasuka, huenda pampu ya mafuta imechoka, huenda sensa ya hewa imejaa vumbi. Nimewaona wenye magari wakinunua sensa juu ya sensa kwa sababu ya namba hiyo moja, na taa ya injini ikiendelea kuwaka.

Nilijiandikisha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa kozi fupi ya umeme wa magari, nikakaa darasani na vijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Ada haikufika hata nusu ya bei ya ile mashine niliyoshauriwa kununua. Mwalimu alikuwa mdogo kwangu. Mimi nilimwita mwalimu, yeye akaniita mzee, na kazi ikaendelea vizuri. Fundi aliyejifunzia kazi gereji asiogope kwamba hana cheti cha kuanzia, kwa sababu VETA huwapima mafundi wa namna hiyo na kuurasimisha ujuzi wao.

Somo lililobadilisha kazi yangu lilikuwa la nyaya mbili zinazoitwa CAN, ambazo kompyuta za gari huwasiliana kupitia kwazo, na ambazo katika soketi ya kupimia chini ya usukani hutokea kwenye pini ya 6 na ya 14. Kila mwisho wa njia hiyo kuna rezista, kifaa cha kuukinza umeme, ya omu 120 (omu ni kipimo cha ukinzani). Kwa kuwa rezista hizo mbili zimeungwa sambamba, ukitoa waya wa betri, ukasubiri kidogo, kisha ukapima kati ya pini hizo kwa mita ya kawaida, unapaswa kusoma omu 60 hivi. Ukisoma 120, rezista moja haionekani, yaani njia imekatika mahali fulani. Ukisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana.

Siku moja liliburutwa gari dogo ambalo taa zote za dashibodi zilikuwa zimewaka, mshale wa spidi haunyanyuki, na mashine ya kupimia inazisoma baadhi ya kompyuta na kuzikosa nyingine. Gereji mbili zilikwisha kumwambia mwenye gari anunue kontroli boksi, yaani kompyuta nzima, na dada yule alikuwa ameanza kukopa fedha. Nilitoa waya wa betri, nikapima: 120. Nikamwomba kijana wangu alitikise fungu la nyaya taratibu, kuanzia kwenye injini kuingia ndani, huku mimi nikiikazia macho mita. Alipofika chini ya zulia la abiria wa mbele, namba ikashuka hadi 60, ikarudi 120, ikashuka tena. Tulipofunua zulia tulikuta unyevu, na ndani ya kiungio pini mbili zimeota kutu ya kijani kwa maji yaliyokuwa yakivuja kutoka kwenye kioo cha mbele. Tulibadilisha pini, tukaziba kioo, na mita ikatulia kwenye 60. Kontroli boksi haikuguswa. Nakiri kwamba jioni hiyo nilijivuna, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Vitabu vya ufundi vingi ni vya Kiingereza, nami sikukisoma sana. Niliweka daftari ambamo nilichora kwanza saketi kwa mkono wangu, kisha nikaandika kila neno pembeni ya kifaa chake, na michoro hiyo ndiyo iliyonifundisha kuliko maelezo.

Sasa nasoma magari ya mseto, yanayotumia petroli pamoja na umeme, ambayo Japani ilianza kuyauza mwaka 1997 kwa Toyota Prius na ambayo siku hizi yamejaa barabarani kwetu. Betri kubwa ya baadhi yake hupita volti 200, na nyaya zake hufunikwa rangi ya chungwa ili fundi ajue asiziguse ovyo. Hata baada ya kuchomoa plagi ya usalama inayokata umeme wa betri hiyo, ni lazima kusubiri kama dakika kumi ili chaji iliyobaki ndani ya inveta, kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uendeshe mota, iishe, na mikono iwe ndani ya glavu za mpira zilizoidhinishwa kutumika hadi volti 1,000. Glavu hizo nimeziagiza. Hadi zitakapofika, gari la mseto lenye hitilafu upande wa umeme mkubwa nalielekeza kwa fundi mwenzangu aliyenitangulia kulisoma, kisha namwomba aniruhusu nisimame kando nimtazame anavyolifungua.