Tuta Lililojengwa Usiku

Kijiji chetu kiko baina ya Gede na Malindi, na barabara kuu itokayo Mombasa imekikata vipande viwili: shule, msikiti na kisima viko upande wa baharini, ilhali nyumba nyingi na mashamba ya mikorosho yako upande wa bara. Hakuna mtu kwetu, awe mtoto au mkongwe, apitishaye siku bila kuivuka. Barabara yenyewe imenyooka, haina kona ya kumlazimisha dereva apunguze mwendo, na matatu zilizochelewa kujaza abiria Mombasa hufidia muda wao papo hapo mbele ya shule.

Nitakayoyaeleza yalitokea miaka michache baada ya kodi ya pikipiki ndogo kuondolewa mwaka 2008, wakati kila kijana mwenye mjomba wa kumkopesha aligeuka mwendeshaji wa bodaboda. Msichana wa darasa la nne aligongwa na matatu adhuhuri alipokuwa akivuka kurudi nyumbani. Mungu alimnusuru, akavunjika mguu. Dereva alisimama, jambo ambalo si wote hulifanya, akampakia mtoto pamoja na mama yake na kuwafikisha hospitali ya Malindi, lakini hasira ya watu haikutaka kusikia habari hiyo. Usiku wa siku ya pili wanaume kwa wanawake walibeba mawe ya matumbawe kutoka kwenye ukuta uliokwisha kuanguka, wakayapanga kuikata barabara nzima, wakayafunika kwa udongo mwekundu na kuushindilia kwa michi ya kutwangia. Likatoka tuta lenye kimo kinachopita shubiri. Hawakulipaka chokaa, wala hawakuweka hata tawi la mti upande huu na ule, kama wafanyavyo madereva gari lao linapoharibika njiani.

Aliyelikuta wa kwanza hakuwa dereva wa matatu. Alikuwa kijana wa kijijini kwetu, aliyelala mapema usiku ule na hivyo hakuambiwa lolote, akitoka kabla ya alfajiri kupeleka madafu soko la Malindi. Pikipiki yake niliiona kulipopambazuka. Taa ya mbele ilikuwa imefungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nayo ilitazama juu, kana kwamba kazi yake ilikuwa kummulikia nazi zilizo mtini. Helmeti ilikuwa mahali pake pa siku zote, yaani imening'inia kwenye usukani. Madafu yalikuwa yametapakaa hadi mtaroni, na watoto walikwisha kuanza kuyaokota. Kijana mwenyewe alivunjika mtulinga.

Chifu aliitisha baraza chini ya mwembe wa shule, akawaalika pia madereva wa steji ya Malindi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina kazi, nikapewa daftari niandike yatakayosemwa, na ndiyo sababu nakumbuka mengi kuliko waliokuwa wakipiga kelele.

Kelele hazikukosekana. Bodaboda walidai tuta hilo lilikuwa mtego. Wazazi wakajibu kwamba mtego wa kwanza ni mwendo wa matatu. Dereva mmoja mzee, ambaye ndevu zake zilikwisha kuwa nyeupe, aliposimama kusema kwamba watoto huvuka bila kutazama, nusura mkutano uvunjike. Aliyeuokoa ni mwalimu wa hisabati. Alisema kwamba gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio upeo wa kidhibiti mwendo cha matatu, hupita mita 22 katika kila sekunde, na kwamba sekunde hiyo moja huisha kabla mguu wa dereva haujaikanyaga breki sawasawa. Kisha, badala ya kuendelea kutuhutubia, alitutoa sote hadi kivukoni na kuhesabu hatua akifuata ukingo wa barabara. Aliupita mnazi wa kwanza, akakipita kibanda cha mama mandazi, na alipofika zaidi ya mita 50 akageuka na kusema: "Hapa ndipo angesimama dereva wa kilomita 80." Akarudi karibu nusu ya masafa yale, akasema kwamba hapo ndipo angesimama dereva anayefuata kilomita 50 ambazo sheria inataka madukani. Mnazi ule sote tulikuwa tukiujua tangu utotoni, na hakuna aliyedhani uko mbali kiasi hicho.

Baada ya hapo maneno yalipungua ukali. Dereva mzee alikiri kwamba wenzake hawaifuati hiyo 50, kisha akaomba naye asikizwe: usiku, mtu aliyevaa nguo nyeusi tupu haonekani mpaka gari limfikie, hata dereva awe na macho ya paka. Ndipo akainuka bibi mmoja wa makamo, mchota maji wa kila asubuhi.

"Baba, mimi nina ndoo ya lita ishirini kichwani. Hiyo shingo ya kugeuza kulia na kushoto niitoe wapi?"

Watu walicheka, lakini dereva hakucheka. Alifikiri, akamjibu: "Mama yangu, tembea mkono wako wa kulia, gari likujie usoni. Hapo huhitaji kugeuka." Bibi akasema kwamba angelifanya hivyo tangu zamani, ila ukingo wa kulia umeliwa na mvua na ndoo ikimwagika hapo hailipwi na mtu. Tulikwenda kutazama, na kweli ukingo ulikuwa umebomoka hadi kwenye lami. Tulikuwa tumebishana asubuhi nzima juu ya uangalifu wa watu, kumbe upande salama haukuwa na mahali pa kukanyaga.

Mwenye usukani, kwa maoni yangu, ana deni kubwa zaidi, kwa kuwa mguu wa mtoto haujawahi kuvunja matatu; hata hivyo nilishangaa kuona jinsi deni dogo la upande wa pili lilivyolipika kwa urahisi lilipotajwa jambo lenyewe badala ya lawama. Vijana waliujaza ukingo changarawe wiki ileile. Tuta la mawe liliondolewa, kwa sababu kulijenga bila idhini ni kosa, na waliolijenga wakachangia matibabu ya kijana wa madafu, wengine kwa manung'uniko. Madereva wa steji waliahidi kupunguza mwendo mbele ya shule; ahadi hiyo ilishikwa na wengi wao, isipokuwa wageni wa njia.

Matuta halali yalikuja baadaye sana, yakiwa na rangi na kibao cha onyo kila upande. Vibao havikumaliza mwaka, viling'olewa na watu wa vyuma chakavu, na rangi ikafutwa na magurudumu. Tangu wakati huo, kila shule zinapokaribia kufunguliwa, bodaboda na wazazi huyapaka chokaa matuta yale wenyewe, na ubishi wa nani anunue hiyo chokaa haujaisha mpaka leo.