Mgeni akisema "mambo" tunapiga makofi

Kuna kitu huwa nawaambia wanafunzi wangu siku za mwanzo na hawaniamini kabisa: Dar ni mji mzuri sana wa kuanzia Kiswahili na mji mbaya sana wa kukimalizia. Kuanza ni raha, kila mtu anakusemesha, mlinzi, bodaboda, dada wa saluni, wote wana muda na wewe. Ila ukishafika pale unapoeleweka ndo umefika mwisho wa lami, hakuna atakayekusaidia tena na wala hutajua kama umekwama, kwasababu kila ukifungua mdomo unasifiwa.

Mgeni anasema "mambo vipi" tu, anajibiwa "aiseee, unajua Kiswahili kuliko hata sisi!" Kuliko hata sisi, jamani, mtu bado anamwamkia mtoto wa darasa la pili shikamoo.

Kwa ambao ni wageni hapa, mimi nafundisha Kiswahili kwa wageni, wengi wao wa Masaki, Msasani na Mikocheni, watu wa mashirika na balozi, na wachache walioolewa au kuoa huku (hawa ndo wanasoma kwa bidii kuliko wote, mama mkwe hana mchezo). Isimu nilisoma Mlimani. Haya mambo ya utafiti wa ufundishaji wa lugha nimekuja kuyasoma baadae mwenyewe, usiku usiku, kwasababu kuna swali lilikuwa linanikera: inakuwaje mtu amekaa Dar zaidi ya miaka kumi, anafuatilia Simba na Yanga kwenye redio, anatukanana vizuri tu na kondakta wa daladala, na mpaka leo anasema "kitabu yangu"?

Jibu la kwanza nililikuta kwa Mjapani mmoja anaitwa Wes. Kwenye fani hii Wes ni maarufu kidogo. Alikuwa msanii, akahamia Honolulu kule Hawaii, na mtafiti mmoja Richard Schmidt akamfuatilia miaka kama mitatu hivi, anamrekodi, anamsikiliza, halafu akaandika 1983. Wes alikuwa hataki darasa, yeye ni mtu wa watu, anapiga stori na kila mtu, anafanya biashara kwa Kiingereza, anachekesha watu mpaka basi. Kwenye kuwasiliana alipanda sana ndani ya miaka ile. Kwenye sarufi? Karibu palepale. Wingi hauweki, viambishi vya wakati uliopita haviweki, miaka inapita na marafiki hawana shida nae maana wanamwelewa na wanampenda. Nilivyosoma ile habari nikasema huyu si namjua? Huyu si yule jamaa wa pale Msasani? Wes wetu tunao kibao mjini hapa, na wengine wana makampuni.

Sasa kwanini inakwama kwenye ngeli hasa na sio kwenye kitu kingine. Hapa ndo patamu. Angalia ngeli inafanya kazi gani kwenye sentensi. Ukienda Keko kwa mafundi samani ukasema "viti yangu imevunjika", hakuna fundi hata mmoja atakayekuuliza unamaanisha nini, viti ameshavisikia, kuvunjika ameshasikia, anachukua mfuko wa misumari anakuja. Ule upatanisho wote wa vi- na vy- haujaongeza chochote kwenye biashara yenu. Ukikosea namba ya nyumba fundi atapotea, ukikosea bei mtagombana, ila ukikosea ngeli dunia inaendelea vilevile, kwahiyo ubongo wa mtu mzima (ambao ni mvivu, tuseme ukweli) unaona hapa pa kubana matumizi. Wakati huohuo mtoto wa Kibantu anameza huo mfumo mzima bila darasa, mtafiti Katherine Demuth alirekodi watoto Lesotho wanaokua na Kisotho, na wakifika kama miaka mitatu upatanisho wa ngeli wameshaushika kwa sehemu kubwa. Wa kwetu nao hivyohivyo, hakuna mtoto wa chekechea Tandika anayelia "kiatu yangu imepotea".

Na kosa lenyewe sio la hovyo hovyo. Mwanaisimu Pit Corder alishasema tangu 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi yanaonyesha mfumo alioujenga mwenyewe kichwani, na 1972 Larry Selinker akaja kusema hiyo lugha ya katikati, ambayo sio ya nyumbani kwake na bado sio unayomfundisha, inaweza ikagandia hapo moja kwa moja. "Kitabu yangu, mtoto yangu, viti yangu", ukisikiliza vizuri utaona kachagua umbo moja la ngeli ya N akalibandika kwenye kila nomino, amepunguza makabati yamebaki moja. Walowezi wa Kenya enzi za ukoloni walikuwa na Kiswahili chao cha kuamrishia, Kisetla, nacho kilifanya hivyohivyo. (Wakenya msinitukane, najua mnachotaka kusema kuhusu Nairobi na nipo tayari kwa mjadala.)

Hata sisi Dar sio wasafi. Mwanafunzi wangu mmoja, mbishi huyo, alinikaba kabisa, "Mwalimu, mbona dereva wangu anasema gari yangu na wewe unaniambia gari langu?" Ana haki. Hiki sanifu chetu kilitokana na uamuzi wa mkutano wa Mombasa 1928 kuchukua Kiunguja kama msingi, na mtaani watu wana Kiswahili chao kingine kabisa, cha anapendaga na anaendaga. Nilimjibu hivi, dereva wako anajua vyote viwili na anachagua, wewe una kimoja tu. Hakuridhika sana.

Kuna hii imani pia kwamba Kiswahili ni lugha rahisi, na wanaoieneza zaidi ni sisi wenyewe. Taasisi ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wao inakadiria wiki 36 za darasa la kutwa kwa Mmarekani kukifikia Kiswahili cha kufanyia kazi, kundi moja na Kimalei na Kiindonesia. Kichina na Kiarabu ni wiki 88, sawa, ila wiki 36 za kutwa nzima sio kitu cha kujifunza kwenye foleni ya Mwenge ukiwa na aplikesheni kwenye simu.

Tatizo la pili la Dar ni hili la kumgeuzia mtu lugha. Mwanafunzi anajikusanya, anasema "naomba chai ya maziwa isiyo na sukari", sentensi tumeipika wiki nzima, na wahudumu wa zile hoteli za huku ufukweni wanamjibu "okey, ze bili is seperet?" Namwelewa mhudumu, na yeye anatafuta pa kufanyia mazoezi Kiingereza chake, na bosi wake kamwambia mgeni asisumbuliwe. Ila mwanafunzi wangu anarudi darasani amenuna. Kule Kanada kuna watoto wanaosomeshwa masomo yote kwa Kifaransa tangu wadogo, nyumbani Kiingereza, na mtafiti Merrill Swain aliwachunguza akakuta kitu cha ajabu, kusikia wanasikia karibu sawa na wenye lugha, ila wakiongea sarufi inayumba, baada ya miaka na miaka. Hoja yake ya 1985 ilikuwa kwamba kusikia na kuelewa peke yake hakutoshi, mtu lazima asukumwe aongee, tena asukumwe mpaka aongee sawasawa. Sasa hapa Dar nani anamsukuma? Tunamwonea huruma, tunammalizia sentensi.

Halafu hapohapo mgeukie Mtanzania mwenzetu anayeongea Kiingereza. Waziri akiteleza "is" na "are" tu klipu imeshazunguka magrupu yote kabla hajashuka jukwaani. Sekondari huko ndo usiseme, kuna waliosoma shule za kuvalishwa kibao shingoni ukiongea Kiswahili, unakizungusha mpaka umkamate mwingine umpe, na anayenyoosha mkono akakosea darasa zima linakufa kwa kicheko kwahiyo mwakani hanyooshi tena. Yaani mgeni akikosea lugha yetu anapigiwa makofi, sisi tukikosea lugha ya mgeni tunachekwa na sisi wenyewe. Wote wawili hawafundishwi kitu hapo. Na huyu wetu ndo anaumia zaidi maana yeye hiyo lugha ndo anafanyiwa nayo mtihani wa baiolojia.

Kwahiyo kumsahihisha mtu kunafaa au hakufai? Watafiti wamebishana sana na bado. Ila kuna utafiti mmoja natembea nao mfukoni, wa Roy Lyster na Leila Ranta, 1997, kwenye madarasa manne ya hawahawa watoto wa Kifaransa Kanada. Walihesabu mwalimu anafanya nini mtoto akikosea. Zaidi ya nusu ya mara zote alizosahihisha, asilimia 55, mwalimu alikuwa anarudia tu ile sentensi ikiwa imenyooshwa. Mtoto kasema vibaya, mwalimu anasema vizuri, maisha yanaendelea. Na watoto walionyesha kwamba wameisikia hiyo sahihisho karibu asilimia 31 tu ya hizo mara. Mwalimu alipomwachia mtoto nafasi ajaze mwenyewe, watoto waliitikia mara zote.

Ukiifikiria ina mantiki. Mgeni anasema "nimenunua kikapu mpya", mimi nasema "ahaa, umenunua kikapu kipya, hongera!", yeye anasikia hongera. Kipya kimempita juu. Yule yule Schmidt wa Wes alikwenda Brazil akawa anajifunza Kireno, anaandika kila kitu kwenye daftari, na akakuta kwamba mambo aliyoanza kuyatumia ni yale ambayo alikuwa ameshayagundua mwenyewe kwenye maneno ya watu. Yale ambayo hakuyagundua yalikuwa yanapita masikioni tu kila siku.

Basi siku hizi mimi nakata sentensi katikati. "Umenunua kikapu...?" na nanyamaza, namwangalia. Anahangaika, "m... ki... kipya!" Inachosha, na kwa mtu mzima mwenye cheo chake inatia aibu kidogo, ndo maana tunakubaliana mapema ni kipengele gani tu nitamkaba wiki hiyo, vingine vyote naviacha vipite hata kama masikio yanawasha. Ukimkaba kila kitu anafunga mdomo, na hapo ndo utakuwa umemmaliza kabisa. Kuna wengine pia wanataka kueleweka tu, basi, wakachukue samaki Feri warudi nyumbani, na mimi sina ugomvi nao, Wes mwenyewe aliishi vizuri tu.

Ila kazi ya nyumbani nawapeleka sokoni sio hotelini. Kuna mama mmoja anauza matunda kwenye genge, Kiingereza hana na hataki, na huyu mama sijui nani alimfundisha maana anafanya vilevile kama kwenye utafiti. Mwanafunzi wangu kamwambia "nataka embe tatu kubwa". Mama kakunja uso, "Maembe ma...?" Kimya. Foleni inakua nyuma, kijana wa boda anataka parachichi lake, mama hasogei. "Maembe ma...?" "Matatu." "Ma...?" "Makubwa!" "Haya baba, elfu tatu."

Kwenye bei lakini hakumwonea huruma, mimi hapohapo napata manne kwa hela hiyohiyo. Wiki ijayo tunasoma kupatana bei.